Ugali na Mwiko Wake: Kemia ya Mwili na Mpangilio wa Atomu

Chukua tonge la ugali lisilo na mboga, litie mdomoni, kisha litafune polepole bila kulimeza kwa dakika moja au mbili. Mwanzoni halina ladha ya kusimulia. Baadaye kidogo, wakati ambapo mlaji wa kawaida angekuwa ameshameza matonge matatu, utamu hafifu huanza kujitokeza ulimini. Hakuna aliyetia sukari. Sukari ilikuwamo tangu mwanzo, ila ilikuwa imefungwa katika minyororo mirefu ambayo ulimi hauwezi kuitambua, na kilichotokea ni kwamba kimeng'enya kilichomo katika mate, kiitwacho amilesi, kimeikata minyororo hiyo na kutoa vipande vifupi vya sukari mbilimbili, ambavyo ulimi unavijua.

Katika utamu huo mdogo imo sehemu kubwa ya kemia ya viumbe hai, na ndiyo maana naona afadhali kuanzia hapo kuliko pale vitabu vingi vya shule vinapoanzia, yaani kwenye orodha ya elementi. Orodha yenyewe ni fupi na haina siri. Mtu mzima mwenye kilo 70 ni oksijeni kwa asilimia 65 hivi ya uzito wake, na sehemu kubwa ya oksijeni hiyo imo ndani ya maji. Kaboni ni asilimia 18, haidrojeni 10 na naitrojeni 3. Hizo nne peke yake zinafikisha asilimia 96. Zinazobaki ni kalsiamu na fosforasi, ambazo nyingi zimo katika mifupa na meno, kisha potasiamu, salfa, sodiamu, klorini na magnesiamu, na mwishoni kabisa madini ya kupimwa kwa gramu, kama chuma, ambacho mwili mzima una takriban gramu 4, uzito wa sukari inayojaza kijiko cha chai. Hakuna elementi hata moja hapo iliyo mali ya viumbe hai peke yao. Kaboni ni ileile ya mkaa, naitrojeni ni ileile ya hewa, kalsiamu ni ileile ya chokaa. Mtu akizipima zote kwa usahihi na kuzikoroga kwenye pipa hatapata mtu, wala hatapata hata bakteria mmoja. Atapata pipa la tope. Tofauti kati ya tope hilo na kiumbe iko katika namna atomu zilivyoshikana: ipi imeshikana na ipi, kwa upande gani, na kwa nguvu kiasi gani.

Turudi kwenye tonge. Unga wa mahindi kwa sehemu kubwa ni wanga, na wanga ni mnyororo wa molekuli za glukosi, mamia hadi maelfu, zilizoungana moja baada ya nyingine. Kila glukosi, kabla haijaungana na nyenzake, ina atomu 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Sasa utazame mwiko uliosongea ugali huo. Sehemu kubwa kuliko zote ya mti ni selulosi, na selulosi nayo ni mnyororo wa glukosi, glukosi ileile, yenye atomu zilezile kwa idadi ileile. Kwa hesabu ya mkemia, ugali na mwiko wake vimejengwa kwa tofali la aina moja. Kinachovitofautisha ni upande ambao tofali moja limeshikana na jingine. Katika wanga glukosi zote zimeelekea upande mmoja, na kwa sababu hiyo mnyororo hujikunja kama springi, ukiacha nafasi ambazo maji yanaweza kupenya. Ndilo jambo tunaloliona sufuriani joto linapofikia nyuzi 65 au 70: chembe za wanga hunywa maji, hufura, na uji uliokuwa mwepesi hukaza ghafla mkononi mwa msongaji. Katika selulosi kila glukosi imegeuzwa juu chini ikilinganishwa na jirani yake, mnyororo unanyooka, na minyororo iliyonyooka hulala ubavu kwa ubavu kama fito katika mzigo wa kuni, ikishikiliwa na vifungo vidogo vingi visivyohesabika. Maji hayapati pa kuingilia. Ndiyo maana mwiko hauyeyuki kwenye ugali, na shati la pamba, ambalo karibu lote ni selulosi, hufuliwa miaka mingi bila kugeuka uji.

Amilesi iliyoushughulikia wanga haina la kufanya mbele ya selulosi. Kimeng'enya ni protini yenye shimo la umbo maalumu, na hufanya kazi juu ya kile tu kinachoingia katika shimo hilo. Mkemia Mjerumani Emil Fischer alilinganisha jambo hilo na kufuli na ufunguo wake mwaka 1894, na pamoja na marekebisho yaliyofuata, mfano huo haujazeeka. Mwanadamu hana kimeng'enya cha kukata kifungo cha selulosi, na kwa sababu hiyo mboga za majani humpa nyuzinyuzi lakini hazimpi sukari iliyofungwa ndani ya nyuzi hizo. Ng'ombe naye hana. Anachofanya ng'ombe ni kufuga bakteria wanaokijua kifungo hicho ndani ya tumbo lake la kwanza, kisha kula mazao ya kazi yao pamoja na wao wenyewe. Mchwa wa vichuguu wamekwenda mbali zaidi, kwa maana wao hulima: mbao na majani wanayokusanya huyafanya kitalu cha kuvu chini ya ardhi, kuvu hiyo ikavunja kile ambacho wao peke yao wasingekimaliza, na ule uyoga unaochipuka kwenye vichuguu mvua zinapoanza, ambao watu wa vijijini huuwahi alfajiri, ni tunda la shamba hilo. Anayeula anapata, kwa njia ya mzunguko, chakula kilichotoka kwenye ubao ambao tumbo lake lisingeuweza.

Kwamba mpangilio ndio wenye uamuzi ni jambo lililowashangaza hata wataalamu. Mwanzoni mwa karne ya 19 wengi wao waliamini kuwa vitu vinavyotengenezwa na viumbe hai huhitaji nguvu fulani ya uhai isiyopatikana maabara. Mwaka 1828 mkemia Mjerumani Friedrich Wöhler, akiwa Berlin, alikuwa akijaribu kutengeneza chumvi iitwayo amonia sayaneti, na mwishowe akajikuta ana fuwele nyeupe za urea, kitu kilekile kinachotolewa kwenye mkojo. Alimwandikia mwalimu wake Berzelius kwamba ameweza kutengeneza urea bila kuhitaji figo, iwe ya mtu au ya mbwa. Kilichomshangaza mkemia zaidi ya hapo ni hesabu yake: chumvi ile na urea zote mbili zina kaboni 1, oksijeni 1, naitrojeni 2 na haidrojeni 4. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Atomu zilihama nafasi tu.

Leo urea hiyo iko kwenye maduka ya pembejeo, katika mifuko ya kilo 50 ambamo asilimia 46 ni naitrojeni, na mkulima anayeinyunyizia mahindi yake anatumia molekuli isiyo na tofauti yoyote na ile ambayo ini lake mwenyewe hutengeneza kila siku ili kuondoa naitrojeni iliyozidi kutoka kwenye protini alizokula, kwa mtu mzima gramu 20 hadi 30 hivi. Nalitaja hili kwa sababu neno "kemikali" limekuwa tusi. Bidhaa hutangazwa kwamba "haina kemikali", na mnunuzi huona amepata kitu salama, ilhali maji ni kemikali, chumvi ni kemikali, na limau lina kemikali nyingi kuliko sabuni ya kipande. Molekuli haina kumbukumbu ya mahali ilikotoka. Swali la maana kuhusu kitu chochote kinachoingia mwilini ni umbo lake na kiasi chake.

Vifungo vinavyoshikilia atomu ndani ya glukosi au urea ni vya nguvu, na kuvivunja kunahitaji moto au kimeng'enya. Lakini uhai ungekuwa mgumu kama jiwe iwapo kungekuwa na vifungo vya aina hiyo tu. Sehemu kubwa ya kazi za mwili hufanywa na vifungo dhaifu, na mwenye navyo kwa wingi ni maji. Molekuli ya maji imepinda kama manati, oksijeni katikati na haidrojeni mbili kwenye ncha. Oksijeni huvuta chaji hasi kwake, haidrojeni zikabaki na chaji chanya kidogo, na hivyo kila molekuli hunasana na jirani zake, ikaachia, ikanasa tena, katika muda mdogo mno usiofikirika. Mnaso mmoja si kitu, lakini yote kwa pamoja hufanya maji yawe magumu kugeuka mvuke, na ndiyo maana lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na karibu kilokalori 580 za joto. Kwa vile maji hushikana yenyewe kwa yenyewe na na vitu vyenye chaji kama chumvi, huyatenga mafuta, ambayo hayana chaji ya kunasa. Kila seli ya mwili imezungushiwa ukuta uliojengwa kwa kanuni hiyo: molekuli zenye kichwa kinachopenda maji na mikia miwili ya mafuta isiyoyapenda, zimejipanga safu mbili, mikia ikitazamana ndani, vichwa nje. Hakuna fundi anayezipanga. Zikitiwa majini hujipanga zenyewe, kwa kuwa mpangilio mwingine wowote unayasumbua maji zaidi.

Ukuta huo wa mafuta ndio unaoeleza pakiti ya ORS, ule unga wa sukari na chumvi unaochanganywa na maji kwa ajili ya mgonjwa wa kuhara. Sukari na chumvi, kwa kuwa hupenda maji, haziwezi kupita katika mafuta; hupita kwenye milango ya protini iliyopachikwa ukutani. Katika utumbo mwembamba kuna mlango mmoja ambao hupokea glukosi na sodiamu kwa pamoja, na kimoja kisipokuwapo kingine hakipiti. Vikishaingia, maji huvifuata. Kipindupindu huharibu njia nyingine za kusawazisha chumvi na maji utumboni lakini mlango huu huuacha salama, na hivyo mgonjwa anayepoteza lita baada ya lita anaweza kurudishiwa maji kwa mdomo, mradi sukari na chumvi ziwemo kwa kipimo. Fomula inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ina glukosi gramu 13.5 na chumvi ya mezani gramu 2.6 kwa lita moja, pamoja na chumvi nyingine mbili. Anayezidisha sukari akidhani anaongeza nguvu hukosea vibaya, kwa sababu sukari inayobaki utumboni huvuta maji kutoka mwilini badala ya kuyaingiza.

Tumezungumzia protini kama milango na kama vimeng'enya bila kusema ni nini. Protini pia ni mnyororo, lakini tofauti na wanga, pete zake si za aina moja. Kuna asidi amino 20 za kawaida, kila moja ina mgongo uleule na mkia wake wa pekee. Mikia mingine ina chaji na hupenda maji, mingine ni ya mafuta na huyakimbia. Mnyororo ukishatoka kiwandani ndani ya seli, mikia ya mafuta hujificha katikati, ile yenye chaji hujitokeza nje, na mnyororo wote hujikunja ukawa bonge lenye umbo mahususi. Umbo hilo linashikiliwa kwa vifungo dhaifu zaidi kuliko tunavyopenda kufikiri. Pasua yai juu ya kikaango chenye moto mdogo na ulitazame kwa karibu. Ute unaopitisha mwanga hubaki hivyo kwa sekunde kadhaa, kisha pembeni, pale kikaango kilipo moto zaidi, unatokea utepe mweupe unaosogea kuelekea kiini. Weupe huo ni protini zilizofunguka kwa joto, zikaonyesha mikia yao ya mafuta, zikanasana ovyo zenyewe kwa zenyewe mpaka mwanga haupiti. Hakuna asidi amino iliyopotea, na mnyororo wenyewe haujakatika. Umbo tu limekwenda, na hakuna namna ya kulirudisha yai bichi. Homa kali ya kuzidi nyuzi 41 inaogopwa hospitalini kwa sababu zinazokaribiana na hizo.

Mfano unaoonyesha jambo hili kwa ukali zaidi, na ambao Afrika Mashariki inaujua kwa uchungu, ni selimundu. Himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika seli nyekundu za damu, ina minyororo minne yenye jumla ya asidi amino 574, na kila mnyororo umeshikilia atomu moja ya chuma. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa wa selimundu ina chaji tofauti na ya watu wengine, na miaka michache baadaye Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, akaonyesha tofauti yenyewe ilipo: nafasi ya sita katika mnyororo uitwao beta, ambapo asidi ya glutamiki imeondoka na valini imekaa mahali pake. Kwa kuwa minyororo ya beta ni miwili, ni asidi amino 2 kati ya 574, na chanzo chake ni herufi moja tu katika maandishi ya DNA.

Lakini tazama ni nini kilichobadilishana. Mkia wa asidi ya glutamiki una chaji na hupenda maji; mkia wa valini ni wa mafuta. Ghafla uso wa himoglobini, uliokuwa wote rafiki wa maji, una doa moja la mafuta. Himoglobini inapobeba oksijeni doa hilo halina madhara makubwa, kwa sababu hakuna pa kushika. Inapoiachia oksijeni kwenye misuli, umbo lake hubadilika kidogo, na katika himoglobini ya jirani hufunguka kijishimo chenye mafuta ambamo doa lile hukaa sawasawa. Moja hushika ya pili, ya pili ikashika ya tatu, na katika muda mfupi hujengeka nyuzi ndefu ngumu zinazoisukuma seli kutoka ndani mpaka ile seli laini ya duara inakuwa na umbo la mundu, inakwama kwenye mishipa midogo, na mgonjwa anaanza kulia mifupa. Mambo ambayo wauguzi humwambia mzazi yanatoka hapahapa. Mtoto anywe maji ya kutosha, kwa sababu seli iliyopungukiwa maji huzisogeza himoglobini karibu zaidi na kuziharakishia kushikana. Dalili hazionekani kwa kawaida katika miezi ya kwanza ya maisha, kwa sababu mtoto huzaliwa akiwa bado na himoglobini ya tumboni, ambayo haina mnyororo wa beta na hivyo haina doa. Na dawa ya haidroksiyurea husaidia hasa kwa kuushawishi mwili urudie kutengeneza himoglobini hiyo ya utotoni.

Kwa nini kosa kama hilo halikufutika? Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliona mwaka 1949 kwamba watu wenye urithi wa selimundu kutoka kwa mzazi mmoja walikuwa wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria na wachache mno nyanda za juu, na mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba urithi huo wa upande mmoja humkinga mtu dhidi ya malaria. Ramani ya ugonjwa wa damu ilikuwa imefuata ramani ya mbu. Doa moja la mafuta kwenye protini moja, na historia nzima ya makazi ya watu inasomeka ndani yake.

Hadi hapa tumeongea kana kwamba mwili ni jengo. Ni moto pia, na hilo si sitiari. Katika majira ya baridi ya 1782 kuelekea 1783, wanasayansi Wafaransa Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace walimweka simbilisi ndani ya chombo kilichozungushiwa barafu, wakapima barafu iliyoyeyushwa na joto lake na hewa ya kaboni aliyoitoa, kisha wakalinganisha na makaa yaliyoungua katika chombo hichohicho. Hesabu zilikaribiana kiasi cha wao kukata shauri kwamba kupumua ni kuungua kwa polepole. Walikuwa sahihi. Glukosi inayoingia kwenye seli na oksijeni inayovutwa puani huishia kuwa kabonidioksaidi na maji, kama ambavyo ingekuwa zikiungua jikoni. Tofauti ni kwamba mwili hauruhusu joto lote litoke kwa mkupuo. Vimeng'enya huivunja glukosi hatua kwa hatua, na sehemu ya nguvu inayopatikana huwekwa kwenye molekuli ndogo iitwayo ATP, ambayo hupelekwa kila penye kazi, ikatumika, ikarudi kuchajiwa. Mwili hauna akiba ya maana ya ATP, makumi kadhaa ya gramu tu, lakini kwa kuizungusha tena na tena inakadiriwa kwamba mtu hutumia kwa siku kiasi kinachokaribia uzito wake mwenyewe.

Anayepika kwa kuni na mkaa atalielewa upesi suala la mafuta na wanga. Gramu ya wanga hutoa kilokalori 4 hivi, ya mafuta 9. Sababu ni ileile inayofanya kilo ya mkaa ipike kwa muda mrefu kuliko kilo ya kuni: kuni zina oksijeni nyingi ndani yake, yaani zimeshaungua nusu kabla ya kuwashwa, na uchomaji wa mkaa huiondoa oksijeni hiyo na kubakiza karibu kaboni tupu. Glukosi ni kuni, ina oksijeni moja kwa kila kaboni. Mafuta yana kaboni na haidrojeni nyingi na oksijeni kidogo mno. Tena wanga wa mwilini, uitwao glaikojeni, huhifadhiwa umelowa, kila gramu ikiwa na maji ya gramu 3 hivi. Nguvu iliyomo katika kilo 10 za mafuta, kama ingehifadhiwa kwa njia hiyo, ingehitaji glaikojeni kilo 22 na nusu pamoja na maji yanayozidi kilo 60, na mtu asingeweza kutembea. Mafuta hayo yanapotumika, kwa sehemu kubwa hutoka kwa pumzi: katika kila kilo 10 zilizounguzwa, kilo 8.4 huondoka kama kabonidioksaidi na kilo 1.6 kama maji. Wanaouza majani ya chai ya "kuyeyusha mafuta" na kumwonyesha mteja choo kama ushahidi wanamwonyesha kitu kingine kabisa.

Mwishoni kabisa mwa msururu wa kuungua kuna protini iitwayo saitokromu oksidesi, yenye chuma na shaba, ambapo oksijeni tuliyoivuta hatimaye hukutana na kile kilichobaki cha chakula. Hapo ndipo saianidi inapoingia, na hapo ndipo kanuni ya mpangilio inapoonyesha sura yake ya kutisha. Saianidi ni atomu mbili tu, kaboni na naitrojeni, zote mbili za ukoo wa zile nne zinazotujenga. Zikishikana hivyo, peke yake, hukaa juu ya chuma cha protini ile na kuuzima moto, kiasi kwamba seli hushindwa kutumia oksijeni ilhali damu imejaa oksijeni.

Muhogo mchungu unaijua kemia hiyo vizuri. Ndani ya seli zake umehifadhi linamarini, molekuli ambayo sehemu yake moja ni glukosi, ileile ya ugali na ya mwiko, na sehemu nyingine imeficha saianidi. Kimeng'enya cha kuikata kimewekwa mbali, kwenye kuta za seli. Muhogo ukiwa mzima, viwili hivyo havikutani. Ukitafunwa na mnyama, seli hupasuka, vikakutana, na gesi ya sumu ikatoka mdomoni mwa mlaji. Wanawake waliobuni kazi ya kumenya, kuloweka kwa siku kadhaa, kutwanga na kuanika makopa hawakuwa na jina la linamarini, lakini walichokuwa wakifanya ni kuvikutanisha viwili hivyo kwa makusudi kabla ya kula, kwa kuwa gesi hiyo, haidrojeni saianidi, huchemka kwenye nyuzi 26 hivi na hupotea hewani kwa jua la kawaida. Kuuchemsha muhogo mchungu ukiwa mzima si mbadala wa kazi hiyo: joto huua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na linamarini, ambayo hustahimili joto, hubaki.

Njaa, ukame au vita vinapowalazimisha watu kufupisha siku za kuloweka, hutokea konzo, ulemavu wa ghafla wa miguu usiopona, unaowapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Jina limetoka katika lugha ya Kiyaka, huko Kwango nchini Kongo, ambako ugonjwa ulielezwa kitabibu mwaka 1938. Ulionekana Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, na Tarime, Tanzania, katika miaka ya 1980. Wanaougua ni wale ambao, pamoja na muhogo usioiva kimaandalizi, hawana maharage wala dagaa mezani. Mwili una njia yake ya kuifunga saianidi: huipachika atomu moja ya salfa, ikawa kitu kisicho na ukali kinachotoka kwa mkojo. Salfa hiyo hutoka kwenye asidi amino mbili tu za chakula, na muhogo una protini kidogo mno kuweza kuitoa.

Njia iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia, na kufundishwa kwa wanawake wa Kwango, haihitaji kifaa chochote kisichokuwamo jikoni. Unga mkavu wa muhogo hutiwa kwenye bakuli na alama huwekwa pale unapofikia. Maji huongezwa huku unga ukikorogwa. Kwanza unga hushuka, kisha hupanda tena mpaka kwenye alama, na hapo maji yametosha. Rojo hilo hutandazwa jembamba juu ya mkeka kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Kimeng'enya kilichobaki ndani ya unga, kilichokuwa kimelala kwa kukosa maji, huamka na kuendelea kukata linamarini pale kilipoishia, glukosi ikabaki kwenye mkeka na saianidi ikaondoka na upepo, na jioni hiyohiyo unga husongwa ugali.